Jicho la Kuazima

Wakitajwa mabingwa wa sinema, aghalabu hutajwa waliotengeneza filamu ndefu. Mimi humkumbuka kwanza George Albert Smith, Mwingereza aliyefanya kazi zake mjini Hove, ubavuni mwa Brighton, na ambaye filamu zake nyingi ni za dakika moja au mbili tu.

Mwaka 1900 alitoa *Grandma's Reading Glass*. Mtoto wa kiume anaazima kioo cha kukuzia cha bibi yake. Anatazama gazeti, mashine ya saa, ndege kizimbani, kisha jicho la bibi mwenyewe. Kila atazamapo, nasi tunaonyeshwa kile akionacho, kikubwa, ndani ya duara. Kamera za siku zile zilizoea kukaa mbali, kama mtu aliyelipia kiti kwenye mchezo wa jukwaani. Smith aliiinua kamera kitini na kuiweka machoni mwa mtu.

Mwaka huo huo alitoa *As Seen Through a Telescope*. Mzee anaelekeza darubini njiani, na ndani ya duara tunaona kifundo cha mguu wa mwanamke anayefungwa kamba ya kiatu na kijana. Kijana anapompita mzee, anampiga hata anaanguka. Nacheka kila niitazamapo, kisha najiuliza: mbona kapigwa peke yake? Nasi tulichungulia.

Kufikia 1903, katika *Sick Kitten*, mtoto wa paka analishwa dawa kwa kijiko, nasi tunasogezwa karibu bila duara wala darubini. Smith hakuona tena haja ya kutupa kisingizio cha kutazama.

Nani alikuwa wa kwanza kupiga picha ya karibu, ubishi huo siuoni na maana kubwa. Kikubwa ni kwamba njia ilikwisha kufunguliwa. Katika *Rear Window* ya Alfred Hitchcock, ya 1954, mpiga picha aliyevunjika mguu anawachungulia majirani kwa lenzi ndefu. Sidai kwamba Hitchcock alimwiga Smith, lakini huyo ni mjukuu wa mzee yule wa darubini.

Kasoro ya Smith ni kwamba hakukaa na watu wake: jicho la bibi ni kioja, bibi mwenyewe hatumjui. Hata hivyo, filamu zile mbili za 1900 zatosha kuwa kipimo. Mtoto aliazima kioo mbele ya mwenyewe. Mzee alichungulia asiyejua. Kila filamu inayonisogeza karibu na uso wa mtu, huipima kwa hao wawili.