Njaa Mbele ya Kiti cha Enzi

Mathayo 25 ina hadithi tatu, na ni nadra sana kuzisikia zote kwa pamoja. Ya kwanza ni ya wanawali kumi na taa zao. Ya pili ni ya watumwa watatu na talanta. Ya tatu ni ya kondoo na mbuzi, ambapo Mwana wa Adamu anaketi kwenye kiti cha enzi na mataifa yote yanakusanywa mbele yake. Ukipita Jeevanjee saa za chakula cha mchana, wakati wahubiri wameshika spika zao na watu wa ofisi wamekaa kwenye nyasi wakila mahindi, utasikia ile ya kwanza. Kuwa tayari, mlango utafungwa. Ukienda kanisani Jumapili, hasa yale makanisa ya mahema na viti vya plastiki, utasikia ya pili: panda, zalisha, Bwana anataka faida. Ya tatu tunaiwekea ziara za makao ya watoto na harambee za hospitali. Inasomwa kwa upole, kama tangazo la kuomba unga, kisha sadaka inapitishwa.

Nataka kuzisoma kama vile mtu angesoma hadithi tatu kwenye mkusanyiko mmoja wa mwandishi mmoja. Hapo ndipo mambo yanapoanza kuwa magumu.

Katika ya kwanza, wenye busara ni wale waliokataa kugawana. Tusisahau hilo. Wote kumi walilala, si watano tu. Bwana arusi ndiye aliyechelewa. Usiku wa manane watano wanaomba mafuta kidogo na wenzao wanawaambia waende dukani wakanunue. (Duka gani hilo la usiku wa manane, Mathayo hasemi.) Mlango unafungwa na hadithi inawapa haki wale walioshika chupa zao. Katika ya pili, anayeadhibiwa ni yule ambaye hakuiba wala hakupoteza. Alizika mali ya tajiri wake ardhini na kuirudisha vilevile, na kosa lake jingine ni kumwambia bwana ukweli usoni: wewe ni mtu mgumu, unavuna usipopanda. Bwana hakanushi. Anamnyang'anya ile moja na kumwongezea mwenye kumi. Kenya tumeilainisha hadithi hii kwa lugha tu. Talanta ilikuwa kiasi cha fedha, mshahara wa kibarua wa miaka mingi. Kwetu sasa ni kipawa cha kuimba au kucheza kandanda, kwa hiyo mahubiri yanakuwa ya kututia moyo na yule tajiri mkali anatoweka.

Ngũgĩ wa Thiong'o hakuilainisha. Katika Shetani Msalabani, riwaya aliyoanza kuiandika kwa Kikuyu kwenye karatasi za choo akiwa kizuizini Kamiti, hadithi ya talanta inasimuliwa upya. Bwana anayesafiri ni mkoloni anayejua kwamba siku zake zimekwisha, na watumwa ni wale aliowaachia mtaji ili wamzalishie akiwa mbali. Wengi waliisoma kama kejeli dhidi ya Biblia. Mimi naiona kama usomaji makini wa Biblia kuliko ule wa madhabahu nyingi, maana Ngũgĩ alimsikiliza mtumwa wa tatu. Ila aliishia hapo. Hakugeuza ukurasa, na hadithi inayofuata inampa yule mtumwa jibu ambalo riwaya haimpi.

Hii ya tatu inapindua zile mbili. Hapa wanaosifiwa ni waliogawa. Mfalme anataja mambo sita: njaa, kiu, ugeni, uchi, ugonjwa, kifungo. Orodha hiyo inarudiwa mara nne katika aya chache tu, kama kiitikio cha ngano, na kila mara njaa inatangulia. Hakuna swali la imani. Hakuna anayeulizwa alibatizwa kwa maji mengi au machache, alitoa fungu la kumi, alifunga siku ngapi. Na kuna jambo ambalo wahubiri wengi hulipita mbio: pande zote mbili zinashangaa. Waliolishiwa sifa wanauliza, lini tulikuona? Waliohukumiwa wanauliza swali lilelile, karibu kwa maneno yaleyale, na wao pia wanamwita Bwana. Hakuna hata mmoja aliyejua yuko upande gani hadi alipoambiwa.

Sisi wa huku tungepaswa kuielewa hii upesi kuliko msomaji wa Ulaya. Kwake kondoo ni mpira wa sufu nyeupe na mbuzi ni kitu kingine kabisa. Lakini simama Kajiado jioni mifugo ikirudi. Kondoo wa Kimaasai ni mwekundu, manyoya yake mafupi, na kwa mbali mgeni atakosea. Wanachungwa pamoja mchana kutwa. Mpaka mchungaji mwenyewe aanze kuwatenganisha, hilo ni kundi moja. (Na kwa nini mbuzi ndiye alaumiwe, katika nchi inayompenda kiasi hiki siku za Jumamosi, sijui.)

Kwa hiyo naona mahubiri ya siku ya mwisho yana kasoro ya kifasihi kabla ya kuwa na kasoro ya kidini. Yanaondoa mshangao. Yanakupa orodha ya dalili, ya tarehe, ya alama za kuepuka. Mwaka 2019 serikali ilipoanza kusajili watu kwa Huduma Namba, kuna waumini waliokataa wakisema ni alama ya mnyama wa Ufunuo. Tuliwacheka mitandaoni. Lakini walikuwa wanasoma jinsi walivyofundishwa kusoma: Maandiko ni mtihani ambao majibu yake yamevuja, na kazi ya mchungaji ni kukuletea majibu.

Na kuna mahali ambapo kicheko hicho hakiwezi kufika. Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, bara ya Malindi, polisi walianza kufukua makaburi. Miili iliyofukuliwa ilipita 400. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa, na baadhi, watoto wakiwamo, walikuwa na dalili za kunyongwa. Kesi ziko mahakamani na sitaki kuhukumu kabla ya hakimu. Ila kuhusu fundisho lenyewe, kwamba mtu afunge hadi afe ili akutane na Yesu kabla ya dunia kuisha, mhakiki hahitaji kungoja mahakama. Linaweza kupimwa kwa maandishi.

Ukilipima kwa Mathayo 25, huwezi kuliita usomaji uliozidi chumvi. Ni kinyume kabisa cha kilichoandikwa. Mfalme wa hadithi ile anakutana na watu kupitia mwenye njaa. Yeye ndiye mwenye njaa. Anayekaribia kiti chake anaulizwa kuhusu sahani ya mtu mwingine. Kumnyima mtoto chakula ili umwone Mfalme ni kumnyima Mfalme chakula, hadithi inasema hivyo waziwazi, na inasema hivyo ikitaja moto. Wale waliokuwa na habari ya njaa ya jirani yao mle msituni na wakaiita utakatifu walikuwa wamefundishwa hadithi ya kwanza, ile ya mlango unaofungwa, bila kufikishwa kwa ya tatu.

Ninajua jibu litakalokuja, na lina uzito. Wapo wasomi wanaosema kwamba "wadogo" wa hadithi hii si maskini wote wa dunia. Mathayo mahali pengine hutumia maneno ndugu na wadogo kwa wanafunzi wa Yesu, hivyo mataifa yanahukumiwa kwa jinsi yalivyowapokea wahubiri waliotumwa, wenye njaa na vifungo vya safari. Hoja hiyo siwezi kuitupa. Msamiati wa Mathayo unaiunga mkono. Lakini hata tukiikubali, mshangao unabaki. Waliowapa chakula hawakujua walikuwa wanampa nani. Walimlisha mtu tu. Mhubiri akijiweka katika nafasi ya "mdogo" huyo, basi njaa inayotajwa ni yake, naye ndiye wa kulishwa. Hakuna njia ya kuigeuza ili waumini ndio wafe njaa.

Wapo pia upande wa pili, wenzangu wasomi wa mjini, wanaotaka hadithi hii bila mkono wa kushoto. Wanapenda ile orodha ya sita, wanaibandika ukutani, kisha wanauacha moto. Nao wanakata maandishi. Moto umo, na ni wa milele, hadithi haioni haya. Ila soma kwa makini moto huo uliandaliwa nani: Ibilisi na malaika zake. Ufalme ndio ulioandaliwa watu, tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Wanaokwenda kushoto wanaingia mahali ambapo hapakujengwa kwa ajili yao. Mwandishi huyu ni mkali, lakini ametofautisha, na mhubiri anayeshangilia jehanamu kana kwamba ilichimbwa kwa ajili ya jirani yake hajaona tofauti hiyo.

Neno jehanamu lenyewe lilitufikia kwa Kiarabu, na asili yake ya mbali ni bonde la Hinomu nje ya Yerusalemu. Kiyama nalo ni la Kiarabu, kama hukumu. Kabla ya mishenari kufika Rabai, washairi wa Lamu na Pate walikuwa tayari na lugha kamili ya siku hiyo. Al-Inkishafi inamwonyesha moyo wake magofu ya Pate kabla ya kumfikisha kwenye moto. Na katika mkusanyiko wa hadithi za Mtume wa Imamu Muslim imo moja ambapo Mungu, siku ya kiyama, anamwambia mwanadamu kwamba aliugua naye hakumtembelea, aliomba chakula naye hakumpa. Mwanadamu anashangaa: vipi, ilhali wewe ndiwe Bwana wa walimwengu? Muislamu wa Malindi aliyezisikia habari za Shakahola hakuhitaji Mathayo kujua kilichokosewa pale.

Katika Ufunuo 20 kuna kiti cheupe, vitabu vinafunguliwa, na bahari inawatoa wafu waliomo ndani yake. Kilifi ulikuwa msitu. Familia za kwanza zilikabidhiwa miili Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye, baada ya vipimo vya DNA, kwa sababu hakukuwa na kitabu chochote chenye majina yao.

Narudi kwenye ile orodha, mara yake ya nne na ya mwisho. Ipo midomoni mwa walio kushoto. Mfalme aliitaja polepole, jambo na jibu lake, jambo na jibu lake. Wao wanaikusanya yote sita katika pumzi moja, kama mtu anayesoma masharti ya mkopo kwa simu, wafike kwenye swali lao la lini. Wanapita haraka kwenye kiu, ugeni, uchi. Hata hivyo wanaanza na njaa.