Fimbo ya Kiongozi wa Bendi

Katika maandamano ya shule na ya makanisa hapa Ilemela, tangu Kirumba hata Kayenze, yuko mtu mmoja ambaye watoto wote humkimbilia kumtazama, naye si mpiga tarumbeta wala mpiga ngoma. Ni yule atanguliaye mbele ya bendi, fimbo mkononi, akiizungusha, akiirusha juu na kuidaka. Baadhi ya wazee wetu hunena ya kwamba fimbo hiyo ni majivuno matupu, wala haistahili kuwatangulia watu wa Mungu. Vijana nao hunena ya kwamba bendi isiyorusha fimbo ni bendi iliyokufa. Sisi twaona ya kuwa pande zote mbili zimeliruka swali la kwanza, nalo ni hili: fimbo hii kazi yake ni nini?

Desturi hii ilitoka katika majeshi ya Ulaya. Mkuu wa wapiga ngoma alichukua fimbo ndefu yenye kichwa kizito, kwa sababu ngoma na matarumbeta humeza sauti ya mwanadamu. Amri isiyoweza kusikiwa yapasa ionekane. Kwa hiyo fimbo iliinuliwa watu wajiandae, ikashushwa waanze, ikaoneshwa kwa namna nyingine wageuke au wasimame. Fimbo ilikuwa ulimi wa kiongozi. Hata ndani ya nyumba fimbo ilitumika kuongoza muziki. Jean-Baptiste Lully, mwanamuziki wa mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, alikuwa akipiga mapigo kwa fimbo ndefu mwezi wa Januari 1687, akajigonga mguu. Jeraha lile likaoza, naye akafa mwezi wa Machi mwaka ule ule. Basi tangu kale fimbo ni chombo cha kazi, na kila chombo cha kazi chataka uangalifu.

Huko Marekani ilizuka desturi nyingine. Walitengeneza fimbo nyepesi za chuma zenye mipira miwili ncha zake, na vijana, wasichana hasa, wakafanya kuzizungusha kuwa mchezo wenye sheria na waamuzi. Mwaka 1980 mashindano ya kwanza ya ulimwengu ya mchezo huo yalifanyika Seattle. Mchezo huo hatuulaumu, kwa maana pale fimbo haiongozi mtu. Yenyewe ndiyo mchezo. Lawama yetu ni kwa yule ashikaye fimbo ya kuongoza, akaitumia kama fimbo ya mchezo, huku watu 30 nyuma yake wakingoja ishara wasiyoiona.

Na tuitazame kazi yenyewe kwa hesabu. Bendi ikienda hatua 120 kwa dakika, kila hatua ni nusu sekunde. Fimbo ikirushwa mita 5 juu ya mkono, itakaa angani kama sekunde 2, yaani hatua 4. Aliyeirusha kwa mguu wa kushoto ataidaka kwa mguu wa kushoto, na wimbo hautatikisika. Tena, kwa kuwa hatua moja ni kama sentimita 75, katika muda ule bendi itakuwa imesogea mita 3. Kiongozi aendeleaye kutembea sawasawa hurudiwa na fimbo yake, kwa sababu mwendo wake umeichukua mbele pamoja naye. Bali yule asimamaye ghafula kuikodolea macho, fimbo humpita ikaanguka mbele, nao wapigaji humgonga mgongoni. Jambo hili tumeliona zaidi ya mara moja, na kila mara watazamaji walicheka, ilhali wapiga ngoma wadogo walipotea mapigo wakaona haya kwa kosa lisilo lao.

Walakini hofu ya wazee ina asili yake, wala si haki kuidharau. Ngoma ya beni ilianza pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, ikaenea Tanganyika, na zaidi wakati wa vita vya 1914 hata 1918 na baada yake. Terence Ranger aliandika habari zake katika kitabu cha mwaka 1975. Vyama vya Marini na Arinoti vilikuwa na sare, vyeo na gwaride la kuiga majeshi, navyo vilishindana sana. Wamisionari wengi waliichukia beni. Walakini katika vyama hivyo watu walisaidiana pia katika shida na misiba. Kilichoharibu ni kutaka kumshinda jirani, wala si gwaride.

Tena hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano mwema. Wakulima wa Usukuma wana bugobogobo, ngoma iliyotoka katika kulima pamoja. Wachezaji huyarusha majembe, huyazungusha na kuyadaka kwa mapigo ya ngoma, wote kwa mara moja. Hapo hakuna arushaye kwa ajili ya nafsi yake. Huko Bujora, jirani na Kisesa, Padre David Clement aliingiza ngoma za Kisukuma katika ibada, na sikukuu ya Bulabo hufuatana na ile ya Ekaristi. Kama jembe lirushwalo limeruhusiwa kumheshimu Mungu, kwa nini fimbo ikataliwe?

Lakini katika mashindano ya Bagika na Bagalu, ashindaye ni yule avutaye watu wengi, na tabia hiyo imeingia katika bendi zetu. Kiongozi hupigiwa vigelegele kwa kurusha. Hapigiwi kwa kuwasimamisha watu 30 kwa ishara moja, ijapokuwa hilo la pili ndilo gumu. Sisi watazamaji tumemfundisha vibaya kwa makofi yetu.

Shauri letu, basi, ni hili. Fimbo isiondolewe. Apewe mtoto ajuaye mapigo, awe mvulana au msichana, na ajifunze ishara zote kabla ya kuruhusiwa kurusha hata mara moja. Arushe pale bendi iendapo njia iliyonyoka, asirushe penye kugeuka wala penye kusimama. Na mwalimu atakaye kuipima bendi yake na afumbe macho wakati fimbo inapokuwa juu, asikilize. Ikiwa kwa ngoma peke yake aweza kutambua ya kuwa fimbo imerushwa, basi mtoto yule na arudi kwanza kwenye ishara zake.