Zinia za Vuli

Mvua za kwanza za vuli zikishalainisha udongo wa Marangu mwezi wa Oktoba, yuko bibi mmoja ambaye huacha kazi nyingine zote akatoa kifundo chake cha kitambaa. Ndani mna mbegu za zinia alizozivuna mwenyewe msimu uliopita. Zinia huchanua siku 60 hadi 70 baada ya kupandwa, na bibi amekwisha kupiga hesabu: wanawe wakirudi mlimani kwa Krismasi, waukute uwanja umewaka nyekundu, njano na zambarau.

Wageni husifia maua, kazi hawaioni. Ua la mbegu huteuliwa lingali bichi, lile kubwa lenye shina imara. Bibi hulifunga uzi ili wajukuu wasilichume, kisha huliacha likauke papo hapo kwenye shina mpaka ligeuke kahawia. Hapo hulifikicha kwenye ungo na kulipeta polepole, makapi yakapeperuka, zikabaki mbegu bapa, nyembamba kama ncha ya mkuki. Zilizo nyepesi mno huzitupa bila majadiliano.

Ukali wake huonekana miche ikifika shibiri moja. Hupita akiikata ncha mmoja baada ya mwingine. Nilipomwuliza kwa nini anaitesa, alinijibu bila kuinua uso: "Mwanangu, ukiuonea huruma mche, utakupa ua moja." Na kweli, kila uliokatwa hutoa matawi, na kila tawi likabeba ua lake.

Asili ya zinia ni Meksiko, na jina ni la Johann Gottfried Zinn, mtaalamu wa mimea Mjerumani aliyefariki mwaka 1759. Januari 2016 ilichanua hata katika Kituo cha Kimataifa cha Anga. Miche ilikuwa imeshaingia ukungu, ndipo mwanaanga Scott Kelly akaomba aachiwe aimwagilie kwa kuitazama hali yake, badala ya kufuata ratiba iliyopangwa duniani. Bibi wa Marangu hajawahi kuwa na ratiba nyingine zaidi ya hiyo ya kuitazama miche.

Sisi tunaokanyaga udongo kila siku ndio tulioupa kisogo. Nyua zetu tunazifunika kwa vitofali vya saruji mpaka mlangoni. Harusini tunapamba plastiki. Makaburini tunaweka plastiki, ikapaukia juu ya wazee wetu. Anayejiona mpenda bustani husimamisha gari barabarani, akanunua miche iliyokwisha kuchanua kwenye viriba. Ikinyauka, ananunua mingine. Hata baadhi ya mbegu za pakiti ni chotara, ukizivuna hazikurudishii ua lilelile. Basi nani atafunga uzi kwenye shina?

Tunasingizia muda. Siku 60 ni mishahara miwili tu, na mishahara tunaisubiri kila mwezi bila kuchoka. Tulichopoteza ni ile subira ya kutunza kitu kisicholiwa wala kuuzwa, kwa ajili ya watu ambao bado wako njiani.

Kifundo cha bibi hakijapata mrithi. Ikiwa kwenu yuko mzee wa namna hiyo, mwombe mbegu vuli hii, na umwombe akuonyeshe pa kukata. Usiziweke kabatini kama kumbukumbu: mbegu ya zinia ikikaa miaka mingi bila kupandwa, haioti tena.