Shanga za Mtoni

Msomaji, fumba macho kitambo kidogo, umwaze mtu wa sayansi. Je, umemwona mwanamume au mwanamke? Mtaalamu mmoja, David Chambers, alikusanya picha za mtu wa namna hiyo zilizochorwa na watoto 4,807, akatangaza hesabu yake mwaka 1983. Picha zenye wanawake zilikuwa 28 tu, na zote zilichorwa na wasichana. Hapana mvulana hata mmoja aliyemchora mwanamke. Watoto hao walikuwa wa nchi za mbali, lakini kabla ya kuwacheka yafaa tujiulize sisi tungechora nini.

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Hawakusema kwamba nywele hizo huota juu ya kichwa cha mwanamume peke yake. Kwa sababu hiyo nakusihi usome maisha ya Wangari Maathai kama alivyoyaandika mwenyewe katika kitabu kiitwacho Unbowed, kilichotolewa mwaka 2006. Wengi humjua kwa miti aliyoipanda na kwa Tuzo ya Nobel ya Amani aliyopewa mwaka 2004. Wachache hukumbuka kwamba alikuwa mwanasayansi kwanza, na kwamba mwaka 1971 alipata shahada ya udaktari mjini Nairobi, akawa mwanamke wa kwanza katika Afrika ya Mashariki na ya Kati kufikia daraja hiyo.

Sura za mwanzo ndizo tamu kuliko zote. Mtoto wa Nyeri yuko kijitoni, katikati ya majani ya nduma. Aona mayai ya chura majini, ayadhania kuwa shanga, atamani kuyavaa shingoni; lakini kila akiyainua kwa vidole yakatika. Baadaye aona viluwiluwi. Hapana maabara pale wala mwalimu, ila macho yanayouliza. Nani awezaye kusema kwamba udadisi ule ulikuwa mali ya wavulana?

Sifa kubwa ya kitabu ni kwamba mwandishi hajifanyi muujiza. Ataja mikono iliyomwinua. Kaka yake Nderitu ndiye aliyeuliza kwa nini Wangari hasomi kama wao, na mama akakubali aende shule. Wala hafichi mikono iliyomsukuma. Mwaka 1966 alirudi kutoka Marekani akiwa ameahidiwa kazi katika chuo, akakuta imepewa mtu mwingine. Naye aliamini kwamba jinsia yake na kabila lake vilihusika. Profesa mmoja Mjerumani, Reinhold Hofmann, ndiye aliyempa nafasi katika anatomia ya mifugo.

Hapa ndipo ninapogombana na wale wanaomsifu kwa makelele. Kielelezo kikitundikwa juu mno huwa kama mwezi: kila mtu huutazama, wala hapana ateguaye ngazi ili aufikie. Msichana akiambiwa kwamba Wangari alizaliwa tofauti na wengine, hujibu moyoni, "Basi mimi siye," akafunga kitabu cha fizikia.

Kitabu hakikosi upungufu. Kurasa za maabara ni chache kuliko kurasa za siasa. Nilitamani nikae naye zaidi mbele ya hadubini, nione uchovu na furaha ya kazi ile, kwa kuwa msichana wa leo ahitaji kumwona shujaa wake akitenda sayansi, si akituzwa tu. Hata hivyo upungufu huo haukivunji kitabu. Huacha njaa, na njaa ya elimu ni njema.

Basi, msomaji, siku ya jaribio la kemia tazama vema darasani mwako. Nani ashikaye chupa, na nani aandikaye matokeo? Ikiwa msichana huandika tu kila siku, picha zile za Chambers zingali zachorwa mbele yako. Wewe msichana, inyoshee chupa mkono wako usingoje kuitwa. Nawe mvulana, mkumbuke Nderitu. Hakuwa mkubwa wala tajiri. Aliuliza swali moja nyumbani kwao, na swali lile halikumgharimu hata senti.