Rungu na Mche: Maoni ya Wasomaji Kuhusu Wasifu wa Wangari Maathai Katika Vitabu vya Picha

Wangari Maathai (1940–2011) ni miongoni mwa Wakenya wachache ambao wasifu wao umeandikiwa watoto wadogo, kwa picha, zaidi ya mara moja. Hapa tutazingatia vitabu vitatu: vya Jeanette Winter na Claire A. Nivola, vyote vya mwaka 2008, na Mama Miti (2010) cha Donna Jo Napoli, kilichochorwa na Kadir Nelson. Vyote vilitungwa kwa Kiingereza na kutolewa kwanza Marekani. Hata hivyo vinasomwa hapa Nairobi, na wasomaji wake hawaafikiani.

Wapo wasemao, hasa wazazi na walimu, kwamba Mama Miti ndicho bora kwa kuwa hakimtishi mtoto. Hoja hii ina uzito wake. Nelson ameunganisha rangi za mafuta na vipande vya vitambaa vyenye nakshi, hata mavazi na mandhari yakaonekana kama yamefumwa kwa uzi mmoja. Naye Napoli ameitaja miti kwa majina yake ya Kikuyu, kila mti na kazi yake. Mtoto wa Westlands, ambaye kwake kila mti ni “mti” tu, anapata hapa somo la maana. (Wapo pia walalamikao kwamba vitambaa hivyo si vya Nyeri. Lalamiko hilo halitusumbui sana. Mchoraji hakuahidi kutuchorea makumbusho.)

Linalotusumbua ni jingine. Katika matini ya Napoli wanawake huja na shida, hupewa ushauri wa mti wa kupanda, huenda zao, na shida huisha. Hakuna anayempinga Wangari. Basi msomaji huyo mdogo akipelekwa Uhuru Park Jumapili, hana njia ya kujua kwamba mwaka 1989 palikusudiwa kujengwa jumba la ghorofa 60, na kwamba aliyelipinga alikejeliwa bungeni; wala kwamba Machi 1992, katika bustani hiyohiyo, polisi walimpiga hadi akazirai, alipoketi na akina mama waliodai wana wao, wafungwa wa kisiasa, waachiliwe. Wasifu usio na mpinzani hugeuka ngano, na shujaa wake akawa mganga mwenye dawa ya kila abishaye hodi.

Winter hakuficha. Wangari wake anapigwa kwa rungu na kutiwa gerezani. Wasomaji wanaotaka ukurasa huo uondolewe wanadai kwamba mtoto hauwezi. Kwa mtazamo wetu wamesahau utoto wao: mtoto husikiliza zimwi likimeza kijiji kizima, na kesho yake hudai arudiwe hadithi. Isitoshe, michoro ya Winter ni sahili, imefungwa ndani ya miraba. Ukatili unaonekana bila kumrukia mtazamaji usoni.

Nivola ameshika njia ya kati. Askari wanaingia kitabuni, lakini ili wahimizwe kushika bunduki kwa mkono mmoja na mche kwa mkono wa pili. Ni taswira nzuri, na tungeipenda zaidi lau ingekuwa na ukurasa wa rungu kando yake. Mengi ya mapambano yameachiwa maelezo ya mwisho wa kitabu, mahali afikapo mzazi peke yake, mtoto akiwa amekwisha kulala.