Ndege wa asali anamsikiliza nani?

Anayetaka kuzoeana na ndege wa porini hushauriwa akae mahali pamoja, anyamaze, amwage punje za mtama na awe na subira. Kwa chiriku na shomoro ushauri huo unafaa. Kwa ndege wa asali, yule ambaye wanasayansi humwita Indicator indicator, haufai hata kidogo. Huyu mtama hana haja nao, na mara nyingi ndiye anayemfuata mtu. Hutua kwenye tawi la karibu, akapiga kelele kama kiberiti kinachotikiswa kikiwa na njiti chache, akatandaza mkia ili manyoya meupe ya pembeni yaonekane, kisha akarukia mti wa mbele na kungoja. Mtu akimfuata, husogea tena, hadi wanafika kwenye pango la mti lenye nyuki. Mtu ana shoka na moshi, ndege anajua nyuki walipo. Mtu huchukua asali. Ndege hula nta na majana ya nyuki.

Habari hii ni ya zamani sana. Mmisionari Mreno João dos Santos, aliyekuwa Sofala mwaka 1588, alimwona ndege mdogo akiingia kanisani kudonoa mishumaa ya nta, na akaandika kwamba ndege huyo huwapeleka watu kwenye asali. Kwa karne nne zilizofuata wasafiri waliirudia, wengine wakiongeza chumvi. Nyegere, kwa mfano, aliingizwa vitabuni kama rafiki mwingine anayeongozwa na ndege huyu. Juzi juzi watafiti walipowahoji karibu warina asali 400 katika nchi 9, wengi walisema hawajawahi kuliona jambo hilo, isipokuwa katika jamii chache za Tanzania, Wahadzabe wakiwemo, ambako wengi walisema wameliona. Ninachotaka kukitazama hapa ni namna masimulizi ya warina asali kuhusu binadamu na ndege yalivyogeuzwa kuwa vipimo, kwa sababu ustadi wa kazi yote uko hapo.

Hatua ya kwanza ilipigwa kaskazini mwa Kenya na Hussein Isack, mwanasayansi Mkenya, pamoja na Heinz-Ulrich Reyer, nao wakachapisha matokeo katika jarida la Science mwaka 1989. Waborana wa huko walidai kwamba kwa kumtazama ndege tu wanajua nyuki wako upande gani, umbali gani, na lini wamefika. Isack na Reyer hawakuyabeza madai hayo wala hawakuyameza mazimamazima. Waliyavunja vipande vipande, na kila kipande kikapimwa peke yake.

Chukua umbali. Waborana walitaja dalili tatu. Ya kwanza ni muda ambao ndege hupotea machoni anapoondoka mara ya kwanza baada ya kukutana na watu. Ya pili ni urefu wa mruko kutoka kituo hadi kituo. Ya tatu ni kimo cha tawi anakotua. Zote tatu, walisema, hupungua kadiri nyuki wanavyokaribia. Vipimo vikaonyesha hivyo hivyo. Kuhusu upande, njia alizopita ndege zilichorwa kwenye ramani, na zikaonekana kuelekea kwenye nyuki tangu mwanzo. Hakuwa akizurura na kubahatisha. Akifika, sauti hubadilika: inakuwa ya chini, yenye mapumziko marefu, halafu ananyamaza na kutulia karibu na mahali penyewe.

Takwimu moja ya kazi hiyo hunukuliwa sana: bila ndege, Waborana walitumia wastani wa saa 8.9 kupata makazi ya nyuki. Wakiwa na ndege, saa 3.2. Wengi huinukuu bila kutaja kwamba hesabu ya wasio na ndege ilihusu siku walizofanikiwa tu. Siku za kurudi mikono mitupu hazikuingizwa, kwa hiyo tofauti halisi ni kubwa zaidi. Kwa upande wa ndege, asilimia 96 ya makazi hayo ya nyuki hayakuwa na njia ya yeye kuingia mpaka binadamu alipoyafungua. Faida ni ya pande mbili, na imepimwa kwa pande zote mbili.

Palibaki pengo. Waborana wana mluzi wa kumwita ndege, unaopigwa kwa ngumi zilizokunjwa, kwa gamba la konokono au kwa kokwa la koche lililotobolewa, na husikika zaidi ya kilomita moja. Mluzi huo uliongeza mara mbili nafasi ya kukutana na ndege. Lakini je, ndege alikuwa anaujua mluzi wenyewe, au alivutwa na kelele yoyote ile inayomwambia kwamba kuna watu porini? Kwa takwimu za mwaka 1989 huwezi kuyatenganisha haya mawili.

Aliyeyatenganisha ni Claire Spottiswoode, pamoja na Keith Begg na Colleen Begg, katika Hifadhi ya Niassa, Msumbiji. Wayao wa huko humwita ndege kwa mtetemo wa ulimi unaoishia kwa mguno: brrr-hm. Watafiti walitembea porini na warina asali wakiwa na kipaza sauti, safari ya dakika 15 kila moja, na kila safari ikapewa sauti moja kati ya tatu: mwito wenyewe wa Wayao, sauti ya mtu akitamka maneno, au sauti ya njiwa. Zote zilipigwa kwa nguvu zinazolingana.

Kwangu mimi, uzuri wa jaribio hili uko kwa njiwa na maneno. Njiwa anaondoa dhana kwamba ndege huvutwa na sauti yoyote ile. Maneno yanaondoa dhana kwamba anavutwa na binadamu yeyote. Kinachobaki ni mwito. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalikuwa haya: kwa sauti nyingine uwezekano wa kuongozwa ulikuwa kama asilimia 33, kwa brrr-hm ukawa 66. Ukihesabu safari nzima mpaka nyuki wapatikane, ulipanda kutoka asilimia 17 hadi 54. Kwa ndege huyu, brrr-hm maana yake ni mtu aliyetoka kwa kazi, si mpita njia.

Msomaji mbishi atauliza: huenda mwito wa Wayao unapendeza tu masikioni mwa ndege wote wa aina hii, popote walipo? Spottiswoode na Brian Wood walilijibu swali hilo mwaka 2023 kwa kubadilishana sauti. Wahadzabe wa vilima vya Kidero, karibu na Ziwa Eyasi, hupiga mluzi wenye mahadhi, tofauti kabisa na brrr-hm. Huko Kidero ndege waliitikia mluzi wa Kihadzabe zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Kiyao. Niassa mambo yaligeuka: mwito wa Kiyao ulishinda mluzi wa Kihadzabe kwa karibu mara mbili. Basi ndege wanajifunza desturi ya watu wa mahali pao, kama mtoto anavyookota lafudhi ya mtaa.

Na hawafundishwi na mama. Ndege huyu hutaga katika viota vya ndege wengine, kinda lake huanguliwa likiwa na ndoana kwenye mdomo, na huwaua kwa hizo watoto wa mwenye kiota. Linakua likilelewa na ndege wasiojua lolote kuhusu kuwaongoza watu kwenye asali. Kujifunza huku lazima kuje baadaye, likishaanza kujitegemea.

Suala la malipo ndilo linalonisumbua zaidi. Wayao humwekea ndege nta juu ya majani mabichi. Wahadzabe, kama Wood na wenzake walivyoeleza mwaka 2014, mara nyingi hufanya kinyume: hukusanya masega yaliyobaki, wakayafukia au kuyachoma, ili ndege abaki na njaa na aendelee kuongoza. Anayepima urafiki kwa ukarimu atawaona ni wadhulumu. Lakini kwa msaada wa ndege huyo huyo, Wahadzabe hupata makazi ya nyuki kwa kasi iliyoongezeka kwa asilimia 560, naye bado anawajia. Mabaki hayafukiwi yote, vipande hudondoka kwenye magome, na tumbo linaloweza kumeng'enya nta halihitaji karamu. Anayekwenda Eyasi na mfuko wa mtama atarudi nao. Akitaka kuongozwa, amwombe mzee wa Kihadzabe amfundishe mluzi.