Robo saa chini ya Severn

Fainali ya mashindano ya mapigano ya UFC 4, Desemba 16, 1994 mjini Tulsa, Oklahoma, inakumbukwa kwa kabali iliyoimaliza. Kwangu mimi kabali ndiyo sehemu rahisi ya pambano lile. La kuchambua ni dakika zilizotangulia, pale watazamaji walipodhani hakuna kinachotokea.

Dan Severn, mwanamieleka wa karibu kilo 118, alimwangusha Royce Gracie, mwanajujitsu wa Kibrazili, mapema na kumbana kwenye uzio. Royce alikuwa na takriban kilo 80. Kwa macho ya mieleka, kazi ilikuwa imekwisha. Lakini katika jujitsu ya Kibrazili, aliyelala chali huku miguu yake ikiwa bado baina yake na mpinzani ana gadi, na mwenye gadi hajashindwa.

Gadi ya kujilinda ni suala la umbali. Ili ngumi ya aliye juu iumize, lazima anyanyue kiwiliwili na apate nafasi ya kuzungusha bega. Basi wa chini ana mahali pawili tu pa usalama: karibu kabisa, kifua kwa kifua, au mbali kabisa, nyayo zikisukuma nyonga za mpinzani. Katikati ndiko watu wanakovunjwa pua. Royce alichagua karibu. Miguu ilizunguka kiuno cha Severn, mikono ikahangaika na mikono yake, na vipigo vingi vikafika vikiwa vifupi, havina uzito. Uzio nao ulimsumbua, maana gadi huishi kwa kuhamisha nyonga, na kichwa kikishabanwa, nyonga hazina pa kwenda.

Tuseme kweli: Severn alikuwa bado mgeni katika kumpiga mtu ngumi, na alisita. Mpigaji mzoefu angemtoza Royce zaidi kwa subira ile.

Aliye juu akichoka huanza kuweka mikono ovyo. Mkono mmoja ukibaki ndani ya miguu na mwingine nje, kabali ya pembetatu imeshajichora. Paja moja hukaa shingoni, kifundo cha mguu huo hufungwa nyuma ya goti la pili, na bega la mpinzani mwenyewe hugandamiza upande mmoja wa shingo huku paja likigandamiza wa pili. Damu ya kwenda kichwani hupungua. Kilo 118 hazisaidii kitu. Suruali ya gi, vazi la jujitsu alilovaa Royce, nayo ilifaa, kwani kitambaa hakitelezi kama ngozi yenye jasho. Kwa kabali hiyo Severn alisalimu amri katika dakika 15 na sekunde 49.

Anayetaka kujenga gadi ya namna hii aanze chini ya mtu mzito kuliko yeye, na kwa muda ajinyime kabali zote. Kazi iwe moja tu: asipitwe miguu. Viwiko vishikamane na magoti, maana kiwiko kikiachana na goti, hapo ndipo mpinzani hupenyeza goti lake. Wanagenzi wengi huona zoezi hili linachosha, wakakimbilia pembetatu wasiyo na msingi wake.

Televisheni pia haikuwa na subira. Matangazo ya kulipia ya UFC 4 yalikuwa yamepangiwa muda wa saa mbili tu, na watazamaji wengi wakakatiwa kabla ya kuona mwisho. Kuanzia UFC 5, Aprili 1995, mapambano yakawekewa kikomo cha muda. Usiku huo Royce alipambana na Ken Shamrock kwa dakika 36, ikaamuliwa sare.